Jino, Buti na Chumba cha Juu

“Jino lilizibwa au liling’olewa?” anauliza Marlys Kujansuu, penseli ikiwa imesimama juu ya karatasi ya njano.

“Jino gani?” anasema Rudy Hyttinen. “Hakuna jino.”

“Baba.”

“Hakuna jino, Marlys. Andika sifuri.”

Binti aliyeketi kando yake, Kaisa, mwenye miaka ishirini, anavua glavu zake polepole na kuziweka mezani.

“Lilizibwa,” anasema. “Mwezi wa nane. Dola mia nane na sabini. Alilipa yeye, kwa awamu tatu.”

Marlys anaandika 870. Rudy anageukia dirisha dogo lililo juu ukutani, ambalo nusu yake imefunikwa na theluji, na kulitazama kana kwamba kuna mtu anapita.

Ni saa tisa na nusu alasiri, Ijumaa ya pili ya Februari, katika chumba cha chini cha maktaba ya Kallio, mji wa watu elfu moja na mia mbili kaskazini mwa Michigan, kando ya Ziwa Superior. Kila Ijumaa na Jumamosi, kuanzia mwisho wa Januari hadi katikati ya Aprili, wakazi hujaziwa fomu zao za kodi hapa bila malipo. Anayewajazia ni mpishi wa shule ya msingi.

Marlys ana miaka hamsini na minane. Leo asubuhi amepika supu ya njegere kwa watoto mia moja na arobaini, ameosha masufuria, amevua aproni saa nane mchana na kuja moja kwa moja. Shuleni hulipwa dola kumi na sita na robo kwa saa, saa thelathini kwa wiki, miezi tisa kwa mwaka. Kwenye meza hii halipwi kitu.

Kwa kawaida watu wanaokaa mbele yake hupigania kuonyesha kwamba wametumia fedha nyingi kwa watoto wao. Huja na risiti kwenye mifuko ya dukani, nyingine zimelowa. Rudy anafanya kinyume. Kwa saa nzima sasa anajaribu kuthibitisha kwamba hajawahi kumnunulia binti yake chochote.

Ana sababu, na si ya aibu.

Kaisa yuko mwaka wa tatu wa uuguzi katika chuo kilicho mji wa jirani, kilomita hamsini kutoka hapa. Analala nyumbani kwa baba yake na kwenda chuoni kwa gari kila siku. Anadaiwa na chuo dola mia tisa na arobaini. Asipozilipa kabla ya tarehe kumi Machi, hatasajiliwa kwa mafunzo ya wodini, na nafasi yake itapewa mwanafunzi mwingine. Mafunzo hayo hufanyika mara moja tu kwa mwaka.

Mwaka jana, baada ya ruzuku kuondolewa, alilipa ada ya dola elfu nne kwa fedha za mkopo. Kwa ada kama hiyo sheria inatoa nafuu ya kodi, na sehemu yake, dola elfu moja, hulipwa taslimu hata kwa mtu ambaye hadaiwi kodi yoyote. Elfu moja hiyo ingemaliza deni la chuo na kubakiza ya mafuta ya gari.

Swali ni nani aidai.

Rudy angeweza kuidai kwa kumwandika Kaisa kama mtegemezi wake, jambo alilofanya kila mwaka tangu azaliwe. Lakini kiwanda cha mbao kilipofungwa, Rudy alilipwa fedha za waliopoteza kazi kwa wiki kadhaa ambazo hakustahili, kwa kuwa hakutoa taarifa kwamba alikuwa amepata vibarua. Jimbo linamdai dola elfu mbili na mia sita. Fedha yoyote ya kodi inayorudishwa kwa jina lake inachukuliwa kabla haijamfikia. Siku hizi anaishi kwa malipo ya ulemavu wa mgongo, dola elfu moja mia sita na arobaini kwa mwezi.

“Sikujua kama kumkatia mtu kuni siku mbili ni kazi ya kuripoti,” anasema. “Sasa najua.”

Kwa hiyo ilibaki njia moja: Rudy amwache, Kaisa adai mwenyewe. Alikubali mara tu alipoelezwa. Kisha akaomba aione fomu yake ya zamani.

“Hapa kwenye jina la mtegemezi mwaka huu naandika nini?”

“Huandiki kitu,” Marlys alimjibu. “Unaacha wazi.”

Rudy alilitazama jina la binti yake kwenye fomu ya mwaka juzi kwa muda mrefu. Mkewe alifariki miaka minne iliyopita. Jina la mkewe lilikuwa limeshaondoka kwenye fomu hiyo.

“Sawa,” alisema. “Acha wazi.”

Walidhani wamemaliza. Marlys akafungua kijitabu cha maelekezo, akaweka kidole kwenye aya moja, akaisoma kwa sauti, kisha akaisoma tena.

Mwanafunzi wa aina ya Kaisa, anayesoma muda wote, aliye chini ya miaka ishirini na minne na mwenye mzazi aliye hai, hapewi ile elfu moja mkononi kama mshahara wake wa mwaka haujafikia nusu ya gharama za maisha yake. Kaisa hufanya kazi mwisho wa wiki katika nyumba ya kutunzia wazee. Mwaka jana alifanya kazi saa mia tano, kwa dola kumi na tano na senti themanini kila saa. Hizo ni dola elfu saba na mia tisa.

Kwa hiyo gharama zote za kumtunza Kaisa kwa mwaka zisizidi dola elfu kumi na tano na mia nane. Na karatasi ya hesabu iliyo kwenye kijitabu haiulizi nani alilipa. Kila kilichonunuliwa kwa ajili yake kinahesabiwa: alichonunua yeye, na alichonunua baba.

Hapo ndipo Rudy alipoanza kusahau mambo.

Marlys ana namna yake ya kufanya kazi hii. Hamuulizi mtu, “Ulitumia kiasi gani kwa chakula?” Anasema watu wakiulizwa hivyo hubuni tarakimu ya kupendeza. Huanza na Januari na kutembea nao mwaka mzima. Jumapili mlikula nini? Mlinunua duka gani? Theluji ilipoyeyuka mlibadilisha nini kwenye gari? Nani aliumwa? Kila jibu huandikwa kwanza kwa penseli kwenye karatasi ya njano. Kompyuta huguswa mwishoni.

“Watu hawasemi uongo kuhusu Jumapili,” anasema. “Wanakumbuka nani alikuja na mlipika nini.”

Kwa Hyttinen, Jumapili hupikwa pai za nyama na viazi, sita kwa wakati mmoja. Nne hugandishwa kwa ajili ya Kaisa kubeba chuoni. Kwa kutembea hivyo, wiki baada ya wiki, Marlys amefika dola elfu tatu mia tatu na sitini za chakula chake kwa mwaka. Ada ni elfu nne. Petroli, elfu moja na mia tano. Bima ya gari, elfu moja na mia moja. Nguo na sare za kazi, mia sita. Simu, mia tatu na sitini. Na sasa jino.

“Krismasi,” anasema Marlys. “Kulikuwa na zawadi?”

“Hatukupeana zawadi,” anasema Rudy haraka.

Kaisa anainua mguu mmoja na kuuweka juu ya kiti kilicho wazi. Ni buti la theluji, jeusi, lenye manyoya ndani.

“Shusha mguu,” anasema baba yake.

“Mia moja na arobaini. Nilikuwa nakwenda kazini na viatu vya mpira, akaniona nikikausha soksi juu ya jiko.”

“Zile za punguzo.”

“Hazikuwa za punguzo, Baba. Bei ilikuwa bado imebandikwa chini.”

Karibu na mlango, Verna LaPointe, mstaafu wa posta anayepokea watu na kuwapanga kwa zamu, ameacha kabisa kujifanya anasoma gazeti.

“Rudy Hyttinen,” anasema. “Shuleni ulikuwa unajisifia samaki aliyevuliwa na mwenzako. Leo unakataa hata mema yako?”

“Wewe endelea kugonga mihuri yako.”

“Nimestaafu. Nina muda wote wa kukusikiliza.”

Hata Rudy anacheka kidogo. Halafu anaegemea mbele, mikono yake mipana ikiwa juu ya meza, vidole viwili vikiwa vifupi kuliko vingine kutokana na msumeno wa kiwandani.

“Marlys. Sisi tumesoma darasa moja. Nakuomba. Mimi ndiye baba, na mimi nasema sikununua jino wala buti. Nani atakuja Kallio kuuliza habari za buti?”

“Huenda asije mtu.”

“Basi.”

“Lakini sahihi itakuwa ya Kaisa,” anasema Marlys, bila kupandisha sauti. “Si yako, wala si yangu. Anaapa kwamba yaliyomo ni kweli. Na mwaka kesho ataomba leseni ya uuguzi.”

Rudy anamgeukia binti yake. Kaisa anatikisa kichwa.

“Na mimi sitaki, hata kama hakuna wa kuuliza,” anasema. “Niandike kwamba baba yangu hakuninunulia kitu? Wewe?”

“Ninakuruhusu.”

“Sijaomba ruhusa, mzee.”

Marlys anaandika 140.

Mpishi huyu hakujifunza sheria za kodi darasani. Alimaliza sekondari, akaingia jikoni. Mwanawe, Brent, alisoma uhandisi na kuacha katikati ya mwaka wa tatu, miaka kumi na mitano iliyopita, kwa sababu ya deni la dola elfu moja na mia tatu. Kwa miaka yote mitatu ya chuo, Marlys alikuwa na haki ya kudai nafuu ileile ambayo Kaisa anaitafuta leo. Hakuidai hata mara moja. Ada ya Brent ililipwa kwa mkopo, na Marlys aliamini kwamba mtu hawezi kudai nafuu kwa fedha za kukopa.

“Nilijiambia, si zangu, ni za benki. Ilionekana kama kujidai,” anasema. “Huku kwetu tunafundishwa kutojidai.”

Miaka mitano baadaye alikuja maktaba hii kutafuta kitabu cha mapishi ya watoto wenye mzio wa ngano. Kwenye meza ya mlangoni kulikuwa na kijitabu cha kodi. Alikifungua akiwa amesimama, akakutana na sentensi inayosema kwamba ada iliyolipwa kwa mkopo inahesabiwa. Alikaa chini. Akasoma ukurasa unaofuata, unaosema fomu ya zamani inaweza kusahihishwa ndani ya miaka mitatu. Muda ulikuwa umepita.

Alikichukua kijitabu hicho nyumbani na kukisoma jioni zote za majira hayo ya baridi, sentensi moja moja, akiandika pembeni maneno asiyoyaelewa. Mwaka uliofuata alifanya mtihani wa wanaojitolea kujaza fomu. Alishindwa. Alirudia baada ya wiki mbili, akafaulu. Huu ni msimu wake wa kumi, na kila Desemba anaufanya mtihani huo upya.

Brent sasa ni fundi wa injini kwenye meli ya kubeba chuma ghafi katika Maziwa Makuu. Hupiga simu meli inapokaribia nchi kavu. Marlys amewahi kumweleza kuhusu sentensi ile.

“Aliniambia, ‘Mama, lile lilishapita.’ Ni mtoto mwema.” Anapanga upya karatasi ambazo hazikuwa zimevurugika. “Simlaumu mtu. Ilikuwa imeandikwa. Sikuisoma.”

Kwenye meza, hesabu imekaribia mwisho. Marlys anajumlisha safu nzima kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka chini kwenda juu. Mara zote mbili anapata jibu lilelile: dola elfu kumi na moja mia tisa na thelathini.

“Limebaki jambo moja,” anasema. “Chumba cha juu anacholala.”

“Hicho analipia!” Rudy anainuka nusu. “Mia moja na hamsini kila mwezi. Tangu alipotimiza miaka kumi na minane. Mwambie, Kaisa.”

“Jumamosi ya kwanza ya mwezi,” anasema Kaisa. “Naziweka chini ya bakuli la sukari.”

Hili si jambo la ajabu Kallio. Rudy alimlipa mama yake tangu mshahara wake wa kwanza, na baba yake alifanya vivyo hivyo kabla yake. Mtoto akianza kupata mshahara huku akiishi nyumbani, anachangia nyumba. Rudy anasema hakuwa akimtoza.

“Kwa hiyo chumba ni chake,” anasema. “Hakipo kwenye hesabu.”

“Kipo. Hizo mia na hamsini zinaonyesha nani alichangia,” anasema Marlys. “Karatasi inauliza chumba kinastahili kodi gani ya pango. Mgeni akija leo, akitaka chumba kama kile, chenye joto na kitanda, angelipa kiasi gani hapa mjini?”

Hakuna hata mmoja kati ya watu wanne waliomo chumbani anayejua. Kallio si mji wa kupangisha vyumba.

Marlys anafanya hesabu ya mwisho kwa penseli na kuwageuzia karatasi ili waione. Kutoka elfu kumi na tano na mia nane, ukitoa kilichokwisha kuandikwa, inabaki nafasi ya elfu tatu mia nane na sabini. Ukigawa kwa miezi kumi na miwili, unapata dola mia tatu ishirini na mbili na nusu. Kodi ya chumba ikiwa chini ya hapo, Kaisa anapata elfu moja yake ndani ya siku ishirini na moja hivi. Ikizidi, hapati.

Rudy, ambaye kwa miaka ishirini na sita alikuwa akipima mbao kwa macho, amekwisha kupiga hesabu nyingine kichwani.

“Bila jino,” anasema taratibu, “tungeweza kufika mia tatu tisini na tano.”

“Ndiyo.”

“Jino moja.”

“Lilikuwa linaniuma, Baba,” anasema Kaisa. Sauti yake imebadilika. “Ulinipeleka usiku uleule. Sitaki kulirudisha.”

Baba yake anauweka mkono wake juu ya bega la binti yake, na kuuacha hapo.

Marlys anawaeleza atakachofanya. Anajua watu watatu Kallio ambao wamewahi kupangisha chumba: mjane mmoja anayewapangisha mafundi wa barabara wakati wa kiangazi, mwenye ghorofa juu ya duka la dawa, na mzee aliyebandika tangazo kwenye ubao wa kanisa mwezi uliopita. Kesho asubuhi atawapigia wote. Ataandika bei zao, kila moja na jina la aliyeitaja, kisha watalinganisha vyumba.

“Na wakisema mia nne?” anauliza Rudy.

“Nitaandika mia nne.”

“Halafu?”

“Halafu Jumatatu, nikitoka jikoni, mimi na Kaisa tutakwenda chuoni. Kuna mfuko wa dharura. Ni mdogo na waombaji ni wengi, siwezi kumwahidi. Lakini fomu yake ina kurasa mbili tu, na hakuna aliyewahi kunishinda kwa kujaza kurasa mbili.”

Kwa wengine watakaofuata, Marlys ana mpango mwingine. Amemwomba mkuu wa sekondari dakika kumi kwenye mkutano wa wazazi mwezi wa tano, kabla watoto wao hawajaingia chuoni. Anataka kuwasomea sentensi mbili tu: ile ya mkopo, na ile ya miaka mitatu. Mkuu hajajibu. Marlys anasema ataendelea kumkumbusha kila anapokuja jikoni kwake kuchukua chakula.

Saa kumi na moja imekaribia. Verna anazima taa za upande wa rafu. Kaisa ana zamu jioni hii, tayari amesimama na glavu mkononi.

“Nahitaji kitu kimoja kutoka kwenu kesho,” anasema Marlys. “Vipimo vya chumba. Urefu, upana, madirisha mangapi, joto linatoka wapi, sakafu ya nini. Ili nilinganishe na vyumba vingine kwa haki.”

“Ni kidogo,” anasema Rudy. “Na sakafu inalia.”

“Hailii,” anasema Kaisa. “Ni ya mti wa mepo, mbao ngumu. Na kuna madirisha mawili, Bi. Marlys. Moja linaona ziwa.”

“Kaisa!”

“Linaona.”

Rudy anafunga vifungo vya koti lake kimoja kimoja, kutoka chini. Anakwama kwenye cha tatu, anakirudia.

“Kipime vizuri, Rudy,” anasema Marlys. “Usikipunje, usikipambe.”

“Najua vipimo vyake,” anasema Rudy. “Nilikijenga mwenyewe, mwaka aliozaliwa.” Anamtazama binti yake, halafu karatasi ya njano yenye mstari mmoja ulio wazi. “Lakini nitakipima tena.”

Wanapanda ngazi. Marlys anaandika majina matatu pembeni ya karatasi na namba ya simu mbele ya kila jina. Hapigi sasa, ni saa ya watu kula. Mjane huamka mapema, kwa hiyo ataanza na yeye, saa mbili na nusu asubuhi.